Sifa ya Fundi Anayepima

Ipo kazi inayofanyika kila siku katika gereji za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambayo hadhi yake haijaandikwa inavyostahili, nayo ni kazi ya kushusha injini iliyonoki, kuifungua hadi beringi ya mwisho, kujua kilichoiua na kuifunga upya ili irudi barabarani. Injini husemwa kuwa imenoki pale beringi zake za ndani zinapolika hadi chuma kikaanza kugonga chuma, na habari hiyo humfikia mwenye gari kama msiba, hasa ikiwa gari lenyewe amelinunua majuzi na deni lake bado liko shingoni. Ufundi huu hujaribiwa zaidi kwenye gari la spoti lililokwisha kutumika, yaani gari lililoundwa kwa ajili ya kasi na ambalo mwenye kulinunua hajui liliendeshwaje kabla yake, na ni huko pia ambako tofauti kati ya fundi na mbadilishaji wa vipuri huonekana wazi, kwa kuwa fundi hukataa kuifunga injini kabla ya kujua sababu ya kufa kwake.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa eneo hili ni Subaru Impreza WRX. Impreza ilizinduliwa nchini Japani mwaka 1992, na Kenya iliipenda kwa sababu zilizo wazi, kwani ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, huku Patrick Njiru, dereva Mkenya, akiwa amekwisha kuwafanya watu wa nyumbani waione Subaru kama gari lao katika mashindano hayo ya miaka ya 1990. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakiyatazama magari yale ya buluu ndio watu wazima wanaoyanunua leo, na wengi wao huyanunua yakiwa yametumika, kutoka kwenye minada ya Japani. Karatasi ya mnada, ambayo ni hati ya ukaguzi inayoambatana na gari, hueleza kwa uangalifu mikwaruzo ya bodi, kutu na hali ya viti, lakini hakuna anayeifungua injini ili aandike hali ya beringi zake, hivyo mnunuzi hulipia kwa pamoja bodi anayoiona na injini asiyoiona.

Injini yenyewe haistahili kuitwa dhaifu. WRX nyingi za soko la Japani zilitumia EJ20, injini ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1989 pamoja na Subaru Legacy, na mwezi Januari mwaka huohuo Legacy zilizunguka uwanja wa majaribio huko Arizona, Marekani, hadi zikamaliza kilomita 100,000 kwa kasi ya wastani wa karibu kilomita 223 kwa saa. Chuma kilichostahimili safari ya namna hiyo hakifi bila sababu, na wajibu wa kwanza wa fundi ni kuamini kwamba sababu hiyo ipo na inaweza kupatikana.

Ili kuelewa kinachokufa injini inaponoki, ni lazima kwanza kuelewa kinachoiweka hai. Krankshafti ni mhimili wa chuma unaogeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko, na kila pistoni huunganishwa nao kwa konrodi, yaani mkono mfupi wa chuma ambao jicho lake kubwa huizunguka shingo ya krankshafti. Kati ya jicho hilo na shingo hiyo huwekwa beringi, ambazo katika injini za aina hii hazina gololi wala roli, bali ni nusu mbili za bamba jembamba la chuma zilizopakwa tabaka la madini laini. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower, aliyekuwa akichunguza msuguano katika beringi za ekseli za mabehewa ya reli, alitoboa tundu juu ya beringi na kuona oili ikipanda na kumwagika. Aliliziba kwa kizibo cha kawaida, nacho kikasukumwa nje, kisha akagongomea kizibo cha mti, nacho pia kikatoka. Miaka 3 baadaye Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: mhimili unaozunguka huiburuta oili na kuiingiza katika pengo linalozidi kuwa dogo, na oili hiyo hupata shinikizo la kutosha kuubeba mzigo wote, hivyo kwamba mashine ikiwa katika mzunguko wake wa kawaida chuma huelea juu ya oili bila kugusana na chuma mwenziwe. Katika EJ20 shingo inayoshikwa na konrodi ina kipenyo cha milimita 52, ilhali pengo linalokaliwa na oili ni sehemu chache tu za mia za milimita, jembamba kuliko unywele wa binadamu. Uhai wote wa gari la mamilioni ya shilingi umo ndani ya pengo hilo.

Fundi anayeielewa siri hiyo haanzi kazi kwa spana. Huanza kwa sikio, akiiacha injini ipate moto na kuikanyagia taratibu, kwa kuwa mlio wa konrodi hujitokeza zaidi pale mguu unapoilegeza pedeli ya mafuta na mzigo ukawa mwepesi. Hukata cheche kwenye silinda moja baada ya nyingine, kwa sababu silinda isiyowaka haiitwishi beringi yake uzito uleule, na mlio ukififia pale silinda fulani inaponyimwa cheche, mahali pa jeraha pamekwisha kujulikana. Baada ya hapo oili humwagwa kwenye beseni safi na kutazamwa juani, kisha filta hukatwa, karatasi yake iliyokunjwakunjwa hukunjuliwa na kutandazwa mezani, na sumaku hupitishwa juu yake polepole. Chembe zinazorukia sumaku ni za chuma, na zile zinazobaki ziking'aa kwa rangi ya shaba au ya fedha zimetoka kwenye madini ya beringi au kwenye alumini ya pistoni. Jambo hili halihitaji mtambo wa gharama, lakini linahitaji mtu asiye na haraka ya kumwambia mteja anachotaka kusikia.

Muundo wa injini ya Subaru huifanya kazi inayofuata kuwa ngumu kuliko kawaida. Silinda zake zimelala, mbili kila upande, na pistoni zake hurushiana ngumi kwa kwenda kinyume, muundo ambao kampuni hiyo imeushikilia tangu gari lake la Subaru 1000 la mwaka 1966. Katika injini ambayo silinda zake zimesimama kwenye mstari mmoja, fundi anaweza kufungua sampu, yaani chombo cha chini kinachotunza oili, na kuzifikia beringi za konrodi akiwa amelala chali juu ya kadibodi. Kwa EJ20 njia hiyo ya mkato haipo, kwa kuwa krankshafti imebanwa katikati ya nusu mbili za bloki, yaani mwili wa injini, na nusu hizo haziachani mpaka injini ishushwe, hedi, yaani vifuniko vya silinda, zitolewe, na pini zinazozishika pistoni zivutwe moja moja kupitia matundu madogo yaliyo kwenye bloki. Hapa ndipo wengi huingiwa na tamaa ya kutumia nguvu, na hapa ndipo mkono uliofunzwa hujulikana, kwani pini iliyokwama hutolewa kwa kifaa chake na kwa subira, na kila kipande hupewa namba ya silinda yake kabla hakijawekwa chini.

Beringi zote zikishalazwa mezani kwa mpangilio wake, fundi huzisoma. Ile iliyokosa oili huwa imesuguliwa hadi tabaka la shaba likatokeza, na pengine imeungua ikawa nyeusi. Ile iliyopitiwa na uchafu huwa na mikwaruzo inayofuata mzunguko wa shingo. Na ile iliyopigwa na mlipuko wa kabla ya wakati huumia zaidi nusu yake ya upande wa pistoni. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee katika magari yaliyotoka Japani, kwa sababu WRX nyingi za huko, na hasa zile za daraja la STI, zilipangiwa petroli ya juu yenye okteni inayokaribia 100, okteni ikiwa ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe, na zinapojazwa petroli ya okteni ya chini bila mipangilio ya kompyuta ya injini kurekebishwa, kila safari ya kasi huzitwanga beringi na pistoni zake. Iwapo beringi zote zimelika kwa kiasi kinacholingana, fundi huondoa macho kwenye silinda na kutazama pampu ya oili pamoja na bomba linaloinyonya oili kutoka kwenye sampu, bomba ambalo katika baadhi ya injini hizi hupata ufa kwenye kiungo chake na kuvuta hewa badala ya oili. Iwapo bomba lina ufa na beringi mpya zikawekwa bila kuligusa, injini itanoki tena kwa sababu ileile, na mwenye gari atalipia kosa moja mara mbili.

Hata hivyo, sehemu ya kazi hii inayostahili sifa kubwa kuliko zote ni kuosha. Beringi inapolika, chembe zake husafirishwa na oili hadi kila mahali ambapo oili hufika: kwenye njia nyembamba zilizotobolewa ndani ya bloki na ndani ya krankshafti, kwenye kifaa cha kupoza oili, kwenye mirija ya turbo, ambayo ni feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, na kwenye vichujio vidogo vilivyofichwa ndani ya bolti za mirija hiyo. Fundi mwaminifu hung'oa vizibo vya njia zote hizo, huzipitishia brashi ndefu yenye sabuni na maji ya moto, huzipuliza kwa hewa ya kompresa na kurudia mpaka kitambaa cheupe kinachopitishwa kitoke cheupe. Kifaa cha kupoza oili, ambacho matumbo yake hayafikiki, hukikataa na kudai kipya. Mteja hataiona kazi hiyo hata siku moja, na ankara mara nyingi haina mstari wa kuiandika, lakini siku nzima inayopotelea kwenye beseni la maji ya sabuni ndiyo inayoamua kama injini itaishi miaka au wiki.

Kupima hufuata kuosha. Shingo za krankshafti hupimwa kwa mikrometa, yaani kifaa kinachosoma sehemu za mia za milimita, na kila shingo hupimwa kwa pande mbili zinazokatana ili ijulikane kama imepoteza uduara wake. Shingo iliyokwaruzika huchongwa katika karakana ya mashine hadi kipimo cha chini, mara nyingi pungufu kwa milimita 0.25, na kuwekewa beringi nene zaidi za kujazia. Lakini krankshafti ambayo uso wake umekomazwa kwa naitrojeni hupoteza ugumu huo ikichongwa, na fundi anayelijua hilo humshauri mteja kununua nyingine, hata kama angepata faida zaidi kwa kunyamaza. Pengo la oili huhakikishwa kwa uzi laini wa plastiki unaolazwa kati ya beringi na shingo, ukapondwa kwa kukaza bolti hadi kipimo chake, kisha upana wake ukasomwa.

Wapo wanaoona kwamba haya yote ni mzunguko usio na lazima ilhali injini nyingine iliyotolewa kwenye gari jingine inapatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa bloki iliyotobolewa na konrodi haifufuki, na mwenye gari asiye na akiba hawezi kungoja. Lakini injini hiyo nayo ina maisha ambayo hakuna aliyeyaandika, na fundi anayeiweka bila kufungua sampu yake na kutazama ndani huwa amehamisha tu mashaka kutoka gari moja hadi jingine.

Ujuzi huu unapatikana zaidi mikononi mwa watu waliojifunza chini ya fundi mkubwa, kwa miaka ya kushika tochi na kuosha vipuri kabla ya kuruhusiwa kushika mikrometa. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani nchini Kenya, na utaratibu wa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, imewapa wengi wa watu hao vyeti wanavyostahili. Kinachobaki ni wateja kujifunza kuulizia mambo yanayofaa wanapokubaliana bei: shingo zimesoma kipimo gani, njia za oili zimeoshwa na nani, na kilichoinokisha injini ni nini. Gereji inayoweza kuyajibu maswali hayo kwa karatasi yenye tarakimu inastahili kulipwa zaidi ya ile iliyo jirani nayo, na pia kuongezewa siku inazoomba.