Msomaji wa polepole na Maungamo ya Mtakatifu Agustino

Katika seminari zetu, mseminari anayesoma polepole anaona haya. Mwenzake amemaliza kitabu kizima kwa siku tatu, naye angali kwenye ukurasa wa 40, na kamusi ya Kifaransa iko wazi pembeni. Hata mapadri wengi wana haya ile ile: wakiulizwa wamesoma kitabu gani kipya, hawapendi kujibu kwamba wanarudilia kile cha zamani. Tunataka kuwatetea watu hao, lakini si wote, wala si kwa kila sababu. Tutachukua kitabu kimoja kinachojulikana katika seminari zote, ndicho Maungamo ya Mtakatifu Agustino. Kinapendwa sana, kinasomwa mara nyingi na, kwa maoni yetu, mara nyingi kinarudiliwa vibaya.

Agustino alikiandika kati ya mwaka wa 397 na 401, akiwa askofu wa Hippo, katika nchi inayoitwa leo Aljeria. Kina sehemu 13. Sehemu 9 za kwanza zinasimulia maisha yake mpaka kifo cha mama yake Monika huko Ostia, mwaka wa 387. Sehemu ya 10 inachungua ukumbusho na hali ya roho yake wakati wa kuandika. Sehemu 3 za mwisho zinaeleza maneno ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo. Basi, tutwae Maungamo ya mtu anayesema kwamba amekwisha kuyasoma mara nne. Ukurasa wa matunda yaliyoibwa umechakaa. Ukurasa wa bustani ya Milano umechakaa, na ule wa kifo cha Monika zaidi. Lakini kurasa za mwisho ni safi kama siku ya kununua kitabu. Mtu huyu hakurudilia Maungamo. Amerudilia mahali anapolia.

Tena anapoteza jambo kubwa, kwa maana kitabu hiki chote ni hadisi ya mtu aliyejifunza kusoma. Alipokuwa na miaka 19, Agustino alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, na moyo wake uliwaka kwa kutamani hekima. Ndipo akafungua Maandiko Matakatifu. Aliyazarau upesi, kwa sababu aliona maneno yake hayana uzuri wa Cicero. Hapo alikuwa msomaji hodari, mwenye mbio, anayepima ukurasa kwa mlio wa maneno yake. Tuwaangalie vijana wetu wenye akili nyepesi kama hawafanyi vivyo hivyo.

Mwaka wa 386, katika bustani ya Milano, alitwaa barua za Mtakatifu Paulo akasoma maneno machache tu ya Waraka kwa Waroma. Hakutaka kuendelea. Msomaji huyu mkubwa wa Kanisa, siku ya kugeuka kwake, alisoma aya fupi kabisa, akafunga kitabu! Wala Paulo hakuwa mgeni kwake: mbele ya siku ile alikuwa amekwisha kumsoma kwa bidii. Kwa hiyo aya ile haikuanguka gafula juu ya mtu asiyejua lolote. Wahubiri wanaosimulia habari za bustani wanasahau jambo hilo mara nyingi.

Sasa tufike kwenye zile kurasa safi. Katika sehemu ya 11 na ya 12 Agustino karibu hatoki katika aya mbili za kwanza za Kitabu cha Mwanzo. Anauliza: mwanzo maana yake nini? Wakati ni kitu gani? Musa alitaka kusema nini, na je, wasomaji wawili wanaweza kupata maana mbili tofauti, zote za kweli? Katika sehemu ya 13 tu ndipo anatembea mpaka siku ya saba. Huyu ni mtu yule yule aliyeyatupa Maandiko kwa haraka alipokuwa kijana. Anayeruka sehemu hizi anajua namna mwana alivyopotea na kurudi, lakini hajui alifanya kazi gani nyumbani kwa Baba. Hatusemi kwamba ni tamu. Sehemu ya 12 inachosha, na mabishano yake ni marefu kupita lazima. Lakini hapo ndipo mseminari wa polepole anampita yule wa mbio. Yeye amezoea kukaa juu ya neno moja.

Wengine watasema: padri wa misioni ana shuguli nyingi, tena dunia inabadilika, akirudilia kitabu kile kile atajifungia ndani kama konokono. Ni kweli kwamba uko upolepole wa usingizi. Anayerudilia kitabu bila kuona kitu kipya hata kidogo, na bila kukikatalia neno hata moja, huyo anajiimbia wimbo tu. Agustino hakurudilia hivyo. Katika mwaka wa 426 na 427, akiwa mzee, alivisoma tena vitabu vyake kwa mpango na kuvitengenezea masahihisho: kazi 93, zenye vitabu 232. Juu ya Maungamo anasema kwamba yangali yanamgusa moyo kama siku za kuyaandika. Lakini katika sehemu ya 4, aliposimulia kifo cha rafiki yake, alikuta neno moja: kwamba labda aliogopa kufa ili rafiki yule asife kabisa. Aliliona ni neno la kujionyesha, halikustahili ungamo la kweli. Wasomaji wengi wanalipenda neno lile, na sisi pia. Tena tunazani alikuwa na haki.

Wala tusiwaambie makuhani kwamba kurudilia ni kupoteza wakati. Katika Breviari ya mpango wa mwaka wa 1911 walisali Zaburi zote 150 kila juma. Tangu mpango wa mwaka wa 1970, karibu zote kwa majuma 4. Katekista wa kijijini aliye na Agano Jipya na katekismu tu hana sababu ya kuwaonea haya wenye makabati ya vitabu.

Mwaka wa 430 Wavandali waliuzunguka mji wa Hippo, na Agustino alikuwa mgonjwa kitandani. Posidio, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba aliagiza Zaburi chache za toba ziandikwe na kutiwa ukutani mbele yake. Alizisoma huku analia. Aliomba mtu asiingie, isipokuwa saa ya waganga na saa ya chakula.