Kuitafuta Ila ya Umeme katika Eabegi ya Dereva

Gari la Kijapani lililokwisha tumika kwao, likiteremshwa katika bandari ya Kilindini kwa mujibu wa kanuni za Kenya zisizokubali gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, aghalabu humfikia mnunuzi likiwa na umri wa kutosha kuanza kudhihirisha ila zake za umeme. Na katika ila hizo, ile ya taa ya eabegi hufichwa kwa hadaa mara nyingi kuliko kutibiwa. Katika gereji moja ya Tudor, mtaa ambao tangu enzi za MIOME, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, umezoea kuona vijana wakifundishwa kazi za mikono, nimeshuhudia kazi hiyo ikifanywa kwa insafu, nami naona utaratibu wake unastahili kuelezwa.

Kila swichi inapofunguliwa, kompyuta ya eabegi hupitisha mkondo hafifu mno hadi kwenye kiwashio kilichomo ndani ya usukani, ikaupima ukinzani wake, ambao katika hali ya uzima ni takriban omu 2. Ikiridhika, huizima taa baada ya sekunde chache. Isiporidhika, huiacha ikiwaka. Shida ni kwamba usukani huzunguka ilhali nguzo yake imetulia, na waya wa kawaida ungejisokota ukakatika. Ndiyo maana baina ya viwili hivyo huwekwa kisanduku cha mviringo, mafundi hukiita klokspringi, chenye utepe mwembamba wa shaba uliokunjwa kama mkeka, unaojikunja na kujikunjua dereva anapopinda kona. Umeme wa honi nao hupita humo.

Gari lenyewe lilikuwa na taa isiyozimika, na honi iliyonyamaza kila usukani ulipopindwa kushoto. Fundi, kabla ya kushika bisibisi, aliuliza gari lilifanyiwa nini karibuni, akajibiwa kwamba reki ya usukani ilifunguliwa ikatengenezwa. Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko kodi ya hitilafu iliyosomwa kwenye mashine, kwani kodi ilisema tu kwamba njia ya kiwashio cha dereva imekatika, bila kubainisha mahali; ilhali reki inapotenganishwa na nguzo, usukani usipofungwa imara huweza kuzungushwa kupita kiasi, na utepe ukavutwa hadi ukapasuka.

Hata hivyo dhana si yakini. Alizima swichi, akafungua tamino hasi ya betri, akangoja, kwa sababu kompyuta huhifadhi umeme wa akiba, na Toyota mathalan huagiza kusubiri sekunde 90 zisizopungua. Aliitoa eabegi, akailaza uso wake ukielekea juu, ili ikilipuka kwa bahati mbaya isirushwe. Wala hakuthubutu kukipima kiwashio chake kwa mita, maana mkondo wa mita huweza kukiwasha. Kwenye soketi ya manjano iliyobaki usukanini alichomeka rezista ya omu 2, akarudisha betri, akafuta kodi, kodi ikarudi. Basi eabegi haikuwa na kosa. Akafungua betri tena, akangoja tena, akaihamishia rezista chini ya nguzo, upande wa waya zinazotoka kwenye kompyuta. Safari hii kodi haikurudi. Kati ya sehemu hizo mbili hapana kitu kingine ila klokspringi.

Kuiweka mpya nako kuna adabu yake. Magurudumu ya mbele hunyooshwa; kisha klokspringi huzungushwa taratibu kushoto mpaka ikatae, ikarudishwa kulia kwa idadi ya mizunguko iliyotajwa na mtengenezaji, aghalabu miwili na nusu, hadi alama zake zikabiliane. Anayepuuza hilo atamrudishia mteja gari lenye taa iliyozimika, na siku mteja atakapopinda usukani hadi mwisho, utepe mpya nao utakatika.

Ile rezista aliyoitumia fundi huyu kwa uchunguzi ndiyo hiyo hiyo wanayoiacha wengine ndani ya soketi daima, ili kompyuta idhani kiwashio kipo. Taa huzimika, gari huuzwa, na anayelinunua huketi mbele ya usukani usio na kinga yoyote. Kwangu mimi hiyo ni khiyana, na anayeifanya anastahili kubeba dhima ya mwili utakaoumia.

Pia taa kuzimika kwa haki si dhamana ya yote, kwani kipimo cha umeme huthibitisha njia, hakithibitishi baruti. Vijazio vya eabegi vya kampuni ya Takata, iliyoomba kinga ya muflisi mwaka 2017, vilitumia amonia naitreti, ambayo kwa miaka ya joto na unyevu huharibika, ikaweza kulipuka kwa nguvu na kurusha vipande vya chuma. Na joto na unyevu ndiyo hewa ya pwani yetu. Mwenye gari lililotoka Japani na aichukue namba ya chesi, aitafute katika orodha za mtengenezaji za magari yaliyoitwa kurekebishwa, na ikionekana humo, asikubali kubadilishiwa klokspringi peke yake.