Donge la Piza Halipimwi kwa Jicho la Maandazi

Mpishi aliyezoea maandazi na chapati akikanda unga wa piza kwa mara ya kwanza, mikono yake mwenyewe humdanganya. Tangu utotoni anajua kwamba unga mzuri ni ule usionata kwenye sinia, unaoumuka upesi, na ukiiva unakuwa laini kiasi cha kuliwa na bibi asiye na meno. Vipimo hivyo ni halali kabisa, ila ni vya maandazi. Akivihamishia kwenye piza anapata mkate mnene, mkavu, unaonuka hamira, uliojificha chini ya jibini na soseji. Na kwa kuwa jibini husitiri mengi, atasifiwa, na Jumapili ijayo atapika vilevile.

Piza ni mkate kwanza, mengine baadaye. Napoli, mji wa bandari wa kusini mwa Italia, wanalichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 1984 wapishi wa huko waliunda chama cha kulinda piza yao, Associazione Verace Pizza Napoletana, mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaandika masharti ya piza hiyo katika kanuni zake, na mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza kazi ya mpika piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ukiyapitia masharti hayo utaona unga umeshughulikiwa kuliko nyanya. Vitu vinaruhusiwa vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Kwa lita moja ya maji, unga unakaribia kilo 1.8, chumvi gramu 50 hadi 55, hamira gramu 3. Rudia hapo kwenye hamira. Gramu tatu kwa karibu kilo mbili za unga, wakati wengi wetu humimina kijiko cha chakula kizima kwenye nusu kilo na bado tunaweka bakuli juani ili mambo yaende haraka.

Tofauti ya kwanza kati ya donge bora na donge la kawaida ndiyo hiyo: muda. Nitaurudia.

Unga wenyewe usikusumbue sana. Unga mweupe wa ngano wa dukani unatosha. Geuza pakiti usome kiwango cha protini kwa gramu 100. Ukikuta 11 au zaidi umepata, ukikuta 9 tafuta mwingine, maana protini ndiyo inayozaa gluteni, ule utando unaovutika na kushika hewa. Kimbia pakiti iliyotiwa baking poda kiwandani. Atta ni tamu lakini makapi yake hukata utando, na inakunywa maji zaidi. Changanya robo tu kama unaipenda.

Maji ndiyo yanayotenganisha watu. Kwa nusu kilo ya unga tia mililita 325 za maji, chumvi gramu 10 (vijiko viwili vidogo visivyojaa), na hamira ya chengachenga robo kijiko cha chai. Pima kwa mizani ukiweza. Kikombe hudanganya: kikombe kilekile cha unga kinaweza kuwa na gramu 130 ukichota kwa wepesi, au 150 ukishindilia, na tofauti hiyo inatosha kuligeuza donge lote. Ukishachanganya utapata kitu cha kukatisha tamaa, kimejaa mabonge, kinang'ang'ania vidole mpaka kwenye pete. Mtu akiingia jikoni wakati huo lazima atasema: "Wifi, mbona umekuwa uji? Ongeza unga." Mwambie, "Ngoja kidogo wifi, bado unakunywa maji." Funika bakuli, mkatengeneze chai.

Baada ya dakika 20 funua. Hujaugusa, lakini umebadilika. Mabonge yameyeyuka, uso umeanza kulainika, na ukiuvuta pembeni unanyooka badala ya kukatika. Gluteni hujijenga yenyewe ikipata maji na nafasi. Mkono wako unaiharakisha tu. Mwokaji wa New York, Jim Lahey, alijipatia jina kwa jambo hilihili mwaka 2006, gazeti la New York Times lilipochapisha njia yake ya mkate usiokandwa kabisa: maji mengi, hamira chembe, na usiku kucha wa kusubiri. Wenye fahari ya misuli hawakupenda, lakini mkate ulitoka.

Sasa lowanisha mkono kwa maji, usiupake unga, ukande kwa dakika tano au sita, au uukunje kutoka pembeni kuja katikati mara kadhaa, uupumzishe, urudie. Kila konzi ya unga mkavu unayoongeza hapa ili usinate unaikata kwenye ubora wa mwisho. Mtihani wa fundi ni huu: chukua kipande kidogo, kivute taratibu kwa ncha za vidole pande zote, ukiinue kuelekea dirishani. Kikiwa chembamba hadi mwanga unapita na unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, donge limekomaa. Kikichanika mapema na kuacha kingo zenye manyoyanyoya, bado. Ukilibana donge lenyewe kwa vidole viwili liwe kama ndewe ya sikio, laini lakini lenye kitu ndani. Donge gumu kama la chapati za kusukuma litakupa piza ya kutafuna hadi taya zilalamike.

Kuumuka ndiko kwenye utamu wote, na ndiko wengi wanakodhulumu. Hamira nyingi hulijaza donge hewa ndani ya saa moja, basi mpishi anaamini kazi imekwisha. Hewa si ladha. Wakati hamira inapuliza, vimeng'enya vya unga wenyewe vinakata wanga kuwa sukari, na polepole inajengeka ile ladha ya mkate inayokufanya ule ukingo mtupu bila mchuzi. Hiyo inataka saa nyingi. Dar es Salaam au Mombasa, jikoni kwenye nyuzi 30, kiasi cha hamira nilichokitaja kitamaliza kazi kwa saa sita hadi nane. Maji ya kukandia yawe ya baridi, wala bakuli lisiende juani. Nairobi ya Julai itadai saa zaidi, pengine usiku kucha juu ya meza. Njia ya kuaminika kuliko zote ni friji: liache donge lianze kuchangamka kwa saa moja au mbili nje, kisha lifunikwe vizuri likalale kwenye friji hadi kesho au keshokutwa. Baridi inaipunguza mbio hamira, vimeng'enya vinaendelea na kazi yao kimyakimya. Siku ya pili ndiyo ninayoipenda mimi. Ya nne huwa imeshaelekea kwenye uchachu.

Saa ya ukutani isikuamulie. Paka kidole unga, ulibonyeze donge kina cha kucha. Shimo likiruka na kujifuta papo hapo, bado changa. Likirudi polepole na kubakiza alama, ndilo lenyewe. Likibaki hapohapo au donge likashuka lote kwa kukata tamaa, limepitiliza. Halafu ulinuse: donge lililoiva kwa muda lina harufu ya nafaka na uchachu wa mbali, hata kapombe kidogo. Likikupiga puani kama kilabu cha pombe, sukari imeliwa yote, na adhabu yake utaiona kwenye oveni, kwani donge la namna hiyo halipati rangi. Hii inawachanganya wengi. Wanaiona piza imepauka, wanaongeza moto, wanaikausha, kumbe kilichokosekana ni sukari ya kugeuka kahawia.

Gawa nusu kilo hiyo kuwa madonge matatu, kila moja likikaribia gramu 280, uyaviringe kwa kuvuta ngozi kuelekea chini, uyaache yapumzike saa moja au mbili, ya friji zaidi. Donge lililopumzika halibishani. Ukilinyoosha likajikunja kurudi, usipigane nalo, lifunike dakika 15.

Juu ya kifimbo cha kusukumia chapati wapenzi wa piza hugombana. Masharti ya Napoli yanakikataza: pale hewa husukumwa kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni, ili ukingo ubaki umejaa, sentimita moja au mbili kwa kimo. Ukipitisha kifimbo umeua kazi ya siku mbili. Lakini Roma, kwa piza yao ya duara iliyo nyembamba na inayovunjika kwa mlio, wengi hukitumia na pia hutia mafuta kwenye unga. Kwa hiyo jua kwanza unaipima piza ipi. Kuilaumu ya Napoli kwa kulegea, au ya Roma kwa ukavu, ni kukosa adabu. Na ile piza ya Zanzibar inayokaangwa Forodhani kwa yai na nyama ya kusaga haina ukoo na madonge haya, haiumuliwi kwa hamira. Ila ukitaka kuona unga uliopumzishwa kwenye mafuta unavyofunguka kwa mkono hadi kuwa karatasi, simama pale dakika chache umtazame mpishi kabla hujaagiza.

Tanuri la kuni la Napoli hufika nyuzi 430 hadi 480 na piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni ya nyumbani inaishia 250, dakika saba hadi kumi, na muda wote huo unga unakauka. Ndiyo maana kwa oveni ya nyumbani sioni dhambi ya kijiko cha mafuta kwenye donge, ingawa Napoli wangenifukuza. La maana zaidi ni chuma. Kaango zito la chapati, lililogeuzwa kifudifudi ndani ya oveni na kuachwa lipate moto nusu saa nzima, litaitendea piza mema kuliko trei nyembamba iliyoingia baridi. Asiye na oveni ana njia ya mama zetu wa pwani: jiko la mkaa, sufuria pana nzito, mfuniko wa bati, makaa mengi ya kupalia juu na machache chini. Mkate wa kumimina umeokwa hivyo miaka yote, na piza nyembamba inaiva vizuri ukihakikisha moto wa juu ni mkali. Nyanya ziwe kidogo. Mchuzi mwingi huacha tabaka la ute mbichi kati ya unga na jibini, na ukilikuta hilo usilisingizie donge.

Ikishatoka, usiiangalie juu. Inua upande mmoja kwa kisu utazame tumbo lake: unataka kahawia isiyo sawasawa, yenye madoa meusi hapa na pale, yale mafundi huyaita ya chui. Rangi moja iliyopauka ina maana chuma kilikuwa baridi au donge lilipitiliza. Weusi mtupu ni moto tu. Kisha ukate ukingo kwa upande. Ndani kuwe na matundu makubwa kwa madogo, yasiyopangika, yenye kuta zinazong'aa kidogo. Matundu madogo yanayolingana kama ya boflo yanasema hamira ilikuwa nyingi na haraka ilikuwa nyingi zaidi. Ukingo ulioshikamana bila tundu umepitiwa na kifimbo, au donge lilikuwa changa.

Mdomoni, ganda lipasuke kwa sauti ndogo, halafu upate ukinzani, si ulaini wa skonzi. Tafuna kipande cha ukingo pasipo kitu kingine. Kikiwa na chumvi ya kutosha na utamu wa nafaka unaokuja nyuma, umefaulu. Kikiwa na ladha ya hamira, au hakina ladha yoyote, wakati mwingine anza jana yake.

Ukienda kula ya wengine, agiza iliyo tupu kuliko zote kwenye orodha, ya nyanya na jibini peke yake, kwa sababu mwenye unga mbaya hujificha kwenye kuku wa mchuzi na pilipili hoho. Chungulia sahani zinazorudi jikoni kutoka meza za jirani. Zikirudi na mduara mzima wa kingo zilizoachwa, agiza mishikaki.