Jina Lisiloandikwa: Uhakiki wa Maandishi ya Sanamu ya Askari

Katika toleo hili tunakusudia kuhakiki matini fupi ambayo wanafunzi wetu wengi wameiona pichani tu: maandishi ya Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maneno yake yalitungwa kwa Kiingereza na Rudyard Kipling, nayo yamewekwa pale kwa Kiswahili pia. Tumeichagua kwa sababu ya mwanafunzi wetu mmoja wa Gihundwe. Kwao husimuliwa kwamba baba wa babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Alituuliza: "Mwalimu, jina lake nilitafute wapi?"

Kifani, matini hii ina taswira moja yenye nguvu: wapagazi ni miguu na mikono ya jeshi. Ni taswira ya kweli. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo risasi na chakula vikasafiri vichwani mwa watu. Lakini taswira hiyohiyo inamgeuza mtu kuwa kiungo, na kiungo hakina jina.

Kimaudhui, tatizo liko mwishoni, panapoahidiwa kwamba mpiganaji akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sanamu haitaji jina hata moja. Watoto wameachiwa kazi ya kukumbuka bila kuachiwa orodha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Matini inasema pia kwamba walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Tuisome tukiwa Gihundwe. Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka mto Rusizi. Mei yakaingia Kigali, Septemba Tabora. Mnyarwanda aliyeyabebea mizigo alikuwa na mfalme wake, Yuhi Musinga. Maneno "mfalme wao" yangemhusu vipi?

Tulinganishe na Marekani. Sheria ya pensheni ya mwaka 1832 iliwataka wazee waliopigania uhuru, wanamgambo wakiwemo, wasimulie utumishi wao mahakamani. Karani aliandika, na leo wajukuu husoma majalada hayo katika Hifadhi ya Taifa. Mzee aliulizwa, ndiyo maana anapatikana.

Kwetu kuna ugumu mwingine. Kwa desturi Mnyarwanda hakurithi jina la baba yake. Hata orodha ikipatikana, jina pekee halitatuonyesha ukoo. Kinachouonyesha ni simulizi la nyumbani.

Basi jibu letu kwa mwanafunzi yule, na kwa walimu wenzetu, ni hili: tuanze na wazee waliopo. Likizo ijayo kila mwanafunzi aandike jina la aliyechukuliwa, kilima chake, ukoo wake na njia aliyopita, kwa maneno ya msimulizi mwenyewe. Kazi hizo tutazihifadhi idarani.