Kuziba si Kukaza

Nilipokuwa mtoto Kishanda, Muleba, mkoani Kagera, kazi yangu siku ya kutengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa kutafuta majani. Wakubwa walikuwa wameshakanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa mti, juisi imechujwa, mtama uliokaangwa na kusagwa umetiwa, na mtumbwi umelala usiku kucha chini ya majani ya migomba. Asubuhi pombe ilimiminwa kwenye madumu, ndipo bibi aliponiita. Alitaka jani kavu ambalo halijachanika. Akalisokota mpaka likawa kizibo, akalitia kwenye mdomo wa dumu kwa kidole gumba. Kifuniko cha plastiki kilikuwapo, kinaning'inia kwa kamba yake, wala hakukigusa.

Siku moja niliona nimsaidie bila kutumwa. Nikavikaza vifuniko vya madumu mawili kwa nguvu zangu zote, nikaenda rweyani, kwenye nyika ya malisho, kuchunga mbuzi. Niliporudi mchana, dumu moja lilikuwa limevimba kama tumbo la ndama aliyeshiba majani mabichi. Bibi hakunigombeza. Alipiga magoti mbele ya lile dumu, akaweka kiganja ubavuni mwake, akakisogeza kifuniko kidogo tu. Pombe ikazomea. Akaacha, akangoja, kiganja bado kipo palepale. Akasogeza tena. Ilichukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mtoto. "Hili bado linapumua," aliniambia. "Utalizibaje linalopumua?"

Nimekikumbuka kiganja kile kila niliposoma habari za mafundi wanaoziba visima vya mafuta na gesi vilivyofumuka chini ya bahari. Ni watu wachache duniani, na sifa zao huimbwa na wachache zaidi. Kisima kikifumuka, magazeti huandika juu ya moshi, ndege waliolowa mafuta, kesi na fidia, na ni haki yaandikwe. Lakini mkono uliofunga ile vali, na akili iliyouambia mkono ufunge lini, hupita kimya. Mimi nataka kuusifu mkono huo.

Kisima cha bahari ya kina kirefu ni tundu jembamba linaloshuka kilomita kadhaa ndani ya miamba. Huko chini mafuta na gesi vimebanwa na uzito wa kila kilicho juu yake, na mchorongaji anapovifikia, kitu cha kwanza kinachovizuia kupanda ni tope zito analolizungusha ndani ya tundu. Tope likiwa jepesi kuliko msukumo wa chini, gesi inaanza safari. Inapopanda inatanuka, na kadiri inavyotanuka ndivyo inavyolisukuma tope lililo juu yake, mpaka safari inageuka mbio. Katika kina cha mita 1,500 maji yanakandamiza mara 150 kuliko hewa tunayoivuta, baridi yake ni nyuzi nne au tano, na giza ni totoro. Mpiga mbizi hafiki. Zinashuka roboti zenye mikono ya chuma, zimefungwa kwa nyaya ndefu, na rubani wake amekaa juu melini mbele ya skrini, akifungua nati moja kwa dakika nyingi.

Ndivyo ilivyokuwa katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010. Tarehe 20 Aprili mtambo wa Deepwater Horizon uliwaka moto, wafanyakazi 11 wakafa, na kisima cha Macondo kikamwaga mafuta kwa siku 87. Mwanzoni mwa Mei mafundi walishusha sanduku la chuma lenye urefu wa mita 12 hivi, wakitaka kulifunika vujo na kuyavuta mafuta juu kwa bomba. Lilishindwa kwa sababu ambayo mtu wa nchi kavu hawezi kuiota. Gesi ikikutana na maji katika baridi na mkandamizo wa namna ile, vinashikana vikawa haidreti, kitu mfano wa barafu. Ile barafu ya gesi ilijaa ndani ya sanduku, ikaliziba tundu la juu, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ikaanza kulinyanyua sanduku lenyewe. Mwishoni mwa Mei wakajaribu kulisukuma tope zito kutoka juu ili likizamishe kisima kwa uzito wake. Siku tatu walisukuma. Kisima kikalitema.

Kilichofanikiwa ni kofia. Tarehe 12 Julai roboti zilishusha juu ya mdomo wa kisima mlundikano wa vali wenye uzito wa tani zipatazo 70, zikaukaza kwa bolti. Hapo ndipo mtu asiye fundi angesema: haya, fungeni! Hawakufunga siku hiyo. Walijua kwamba kisima kilichojeruhiwa kikizibwa mdomo kinaweza kupasuka ubavu, mafuta yakatafuta njia kwenye mwamba na kutokea kwenye sakafu ya bahari, mahali ambapo hakuna kofia itakayowekwa tena. Basi walikubaliana kwanza juu ya namba. Wakishafunga, mkandamizo ukipanda kupita paundi 7,500 kwa kila inchi ya mraba, kisima ni kizima. Ukikwama chini ya 6,000, kinavuja ubavuni, wakifungue haraka. Gurudumu la bodaboda linabeba takriban paundi 30. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

Tarehe 15 Julai wakaanza kufunga, hatua kwa hatua, vali ya mwisho ikizungushwa kidogo kidogo. Saa nane na dakika 25 mchana kwa saa za kule, mafuta yakakoma kutoka. Bukoba ilikuwa saa nne na dakika 25 usiku. Kisha wote wakakodolea macho kipimo. Kilipanda, kikapunguza mwendo, kikatulia karibu na paundi 6,700. Katikati kabisa! Wala si heri wala si shari.

Wakubwa wengi waliokuwa wakiifuatilia kazi hiyo kutoka Houston, na wanasayansi mashuhuri miongoni mwao, walielekea kukifungua. Ni busara, maana nani angethubutu? Lakini mmoja wao alipiga picha ya mchoro wa mkandamizo kwa simu yake ya mkononi, akamtumia Paul Hsieh, mtaalamu wa maji ya ardhini katika taasisi ya serikali ya jiolojia, aliyekuwa Menlo Park, California. Napenda sana jambo hili: hakuwa mtu wa mafuta. Alikuwa mtu wa chemchemi na visima vya maji, aliyetumia maisha yake kujua maji yanavyotembea ndani ya mwamba. Alikaa usiku ule na programu ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya maji ya ardhini, akaifanya ifikiri juu ya mafuta. Akajiuliza: ikiwa kisima hakivuji, ni nini kingeushusha mkandamizo hivi? Jibu lake lilikuwa kwamba hifadhi yenyewe ilikuwa imechoka. Kwa karibu miezi mitatu ilikuwa imemwaga, kama dumu lililokwisha kuzomea nusu yake. Umbo la mstari kwenye mchoro, namna ulivyoendelea kupanda polepole, lilifanana na hifadhi iliyopungua, halikufanana na ubavu uliotoboka. Asubuhi aliyasema hayo, na kisima kikaachwa kimefungwa, kwa masharti kwamba kila saa sita watatazama upya, huku meli zikisikiliza sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti zikitafuta mapovu. Hawakuona dalili kwamba ubavu umetoboka.

Sijui kama wenzangu wa Kagera wakisoma habari hii wanawaza ninachowaza mimi. Mei 21, 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka ziwani ikikaribia Mwanza. Watu wetu walipandia Bukoba na Kemondo. Ni nadra kupata ukoo wa Muleba ambao haukuwa na mtu au jirani wa mtu mle ndani. Meli ilielea tumbo juu, na kilichoielesha ni hewa iliyonaswa ndani yake. Waliokuwa nje walisikia watu wakigonga vyuma. Simulizi tuliyokua nayo ni kwamba waokoaji, kwa huruma, walitoboa tundu ili wawatoe, na lilipotobolewa hewa ikatoka kwa kishindo, maji yakachukua nafasi yake, meli ikashuka. Simlaumu yeyote. Nani asingetoboa, akisikia kugonga kule? Lakini tangu nilipoelewa kilichotokea, siwezi tena kuiona elimu ya mkandamizo kama elimu ya mabomba. Hewa ile ilikuwa ndiyo sakafu waliyosimama juu yake. Mtu mmoja tu mwenye kiganja cha kuisoma, mwenye kuthubutu kusema ngojeni kwanza, angekuwa na thamani kuliko nyundo mia.

Kwa hiyo ninaposema ufundi huu wastahili sifa, sisemi kwa kushangaa ukubwa wa vyuma. Nasema kwa sababu ni ufundi wa kungoja wakati kila kitu kinakupigia kelele utende.

Ungojaji huo unaonekana zaidi katika kisima cha pili, kile ambacho runinga hazikukionyesha sana. Tangu Mei 2, wakati masanduku na matope yakishindwa moja baada ya jingine, mtambo mwingine ulikuwa ukichoronga kando yake kisima cha kukinusuru cha kwanza. Aliyekuwa akikiongoza, John Wright, alikuwa amechoronga visima 40 vya namna hiyo bila kukosa shabaha hata mara moja. Shabaha yenyewe ni tundu lenye upana wa sahani ya wali, karibu mita 5,500 chini ya uso wa bahari. Hakuna jicho huko. Wanachofanya ni kuupeleka umeme ndani ya mwamba. Umeme unakimbilia chuma cha kisima cha zamani na kuzungusha usumaku kukizunguka, na kifaa kinachoshushwa tunduni kinausikia usumaku huo na kusema: kushoto kidogo, bado hivi. Na kila wanapotaka kusikiliza, mabomba yote ya kuchorongea huvutwa juu, kipande kwa kipande, kisha hurudishwa. Wanachoronga, wanavuta, wanasikiliza, wanarudisha. Katikati ya Septemba wakakigusa. Saruji ikaingizwa kutoka chini, pale uvujaji ulipoanzia, na tarehe 19 Septemba kisima kikatangazwa kuwa kimekufa. Kofia ilikuwa imeziba mdomo. Kisima hiki cha pili kilifunga koo.

Mambo haya si ya mbali nasi kama yanavyodhaniwa. Februari 2012, kampuni ya Statoil ilitangaza kupata gesi katika kisima cha Zafarani, baharini upande wa Lindi, maji yakiwa na kina cha mita 2,582. Ni kina kinachopita cha Macondo kwa zaidi ya kilomita moja. Vilivyofuata navyo vikaitwa majina ya jikoni, Lavani, Tangawizi, Mdalasini, Giligilani, na majirani zao wa vitalu vingine wakapewa majina ya viumbe wa baharini, Pweza, Chaza, Jodari, Papa. Ni majina matamu, na huyo Zafarani amelala kwenye giza ambalo hakuna Mtanzania atakayelishuka kwa miguu yake. Baada ya 2010, kampuni za mafuta zilichangia kutengeneza kofia za akiba na kuziweka sehemu nne: Stavanger, Singapore, Angra dos Reis huko Brazil, na Saldanha Bay, Afrika Kusini. Ya Saldanha ndiyo iliyo karibu nasi, lakini iko upande wa Atlantiki. Ikihitajika Lindi kwa njia ya bahari, itapakiwa, izunguke Rasi ya Tumaini Jema, ipande Mlango wa Msumbiji. Kofia zipo na zinatunzwa. Ninachokitamani ni viganja: vijana wetu wanaopelekwa kujifunza kuongoza zile roboti na kuisoma michoro ile usiku wa manane, wawepo wakati gesi ile itakapoanza kuchimbwa.

Na kwetu Kagera bomba lenyewe limekuja mlangoni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaingia nchini upande wa Missenyi na kupita Muleba. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama samli, kwa hiyo bomba hupashwa joto la nyuzi 50 hivi. Sambamba nalo hulazwa waya wa kioo mwembamba kama unywele, ambao huhisi joto likibadilika na mtikisiko wa anayechimba karibu. Ardhi nzima inakuwa na sikio. Ila sikio halitoshi bila mtu wa kuelewa lilichosikia.

Mpwa wangu anasomea uchomeleaji, na ndoto yake ni mabomba. Likizo iliyopita tulikuwa naye Kishanda, akaniuliza kwa nini wale wa Macondo walikaa siku tatu na kofia imeshawekwa bila kuifunga. Nilianza kumweleza habari za paundi na inchi, nikaona macho yake yanatangatanga. Ng'ambo ya kibanja, shamba letu la migomba, jirani alikuwa akijaza madumu ya rubisi. Tukamwamkia, nikamwomba atuazime moja kwa dakika chache, akalikaza kifuniko huku akicheka. Tukakaa chini ya mgomba tukingoja. Baadaye nikamwambia kijana aweke kiganja ubavuni, asiseme kitu, asikilize tu.

Alikaa kimya muda mrefu.

"Mjomba," alisema, "linasukuma."