Kabla ya Kumwaga Magamba ya Chaza Baharini

Mjini New York, mradi wa Billion Oyster Project ulioanza mwaka 2014 hukusanya magamba ya chaza kutoka mikahawani. Magamba huachwa juani takriban mwaka mzima ili masalia ya nyama na vijidudu viishe, ndipo yanaporudishwa baharini kwa msaada wa watu wanaojitolea. Chaza wa huko huelea wiki mbili tatu akiwa mchanga, kisha hujigandisha kwenye kitu kigumu na hahami tena. Akitua kwenye tope, hufa. Kinachokosekana pale ni pa kushika.

Ghuba ya Menai, Unguja, ilishika njia nyingine. Miaka ya 2000, vijiji vya Fumba, Bweleo, Nyamanzi na Unguja Ukuu, vikisaidiwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari na Chuo Kikuu cha Rhode Island, vilitenga sehemu zisizookotwa chaza wala kombe. Magamba hayakurudishwa majini: akina mama waliyasugua wakatengeneza vipuli na mikufu ya kuuza.

Walikuwa sahihi. Chaza wa lulu wa huko hujishikiza kwa nyuzi, hata kwenye kamba iliyotundikwa. Mahali si shida yake kubwa. Huanza maisha akiwa dume, na wengi hugeuka majike wakikua. Anayeokota wakubwa tu, basi, anamaliza majike. Tena mayai na mbegu hukutana majini, kwa hiyo wazazi waliotawanyika huzaa kwa shida. Kufunga eneo huwaacha wakubwa wengi, tena karibu karibu. Na kwa kuwa watoto huchukuliwa na mkondo hadi pwani ya jirani, kijiji kimoja kikijinyima peke yake, faida huenda kwa wengine. Ndiyo maana ilifaa vijiji vinne vikubaliane.

Mto Sigi (au Zigi), unaotoka Usambara Mashariki na kuingia baharini kaskazini mwa jiji la Tanga, unaleta swali la tatu. Chaza wa mikoko hujigandisha kwenye mizizi na miamba, na utando wa tope linaloletwa na mto humzuia kushika. Bwawa la Mabayani, lililo kwenye mto huo, hunasa sehemu ya tope hilo. Lililobaki huzuiwa juu, kwa kazi kama ya UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, na kwa kuheshimu mita 60 za kingo zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004.

Anayetaka kurudisha chaza mdomoni mwa Sigi apime tope kwanza, kisha ahesabu wazazi. Magamba yaje mwisho, kwani penye tope jingi yatafukiwa tu.