Kazi ya Kutogusa

Sisi wa Kilimanjaro tumezoea pombe yenye haraka. Mbege ikishachanganywa na ulezi leo, kesho watu wako barazani na kata zao, na siku mbili tatu baadaye imeshaanza kuuma ulimi. Ndiyo maana nilipopanga chumba kwa mzee mmoja huko Herefordshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, sikuelewa alikuwa anangoja nini. Saida yake, yaani pombe ya matufaha, ilikuwa imeacha kutoa mapovu kabla ya Krismasi. Kwa hesabu zangu ilikuwa tayari. Kwa hesabu zake ndiyo kwanza ilikuwa imezaliwa.

Matufaha yenyewe si ya kula. Dabinett na Kingston Black, aina alizotumia, ukiyauma yanakukaba kwa ukakasi kama ndizi mbichi. Aliyakamua Oktoba, akajaza mitungi miwili ya kioo, kila mmoja lita 23, akaiweka bandani penye baridi. Kila mtungi alitia kizibo chenye kijibomba kilichopinda, ndani yake maji kidogo: gesi inatoka, hewa ya nje haiingii.

Januari akaihamisha saida kwenye mitungi mingine, iachane na mashapo yake. Mtungi aliupandisha mezani jana yake, ili mashapo yaliyotibuka yapate usiku mzima wa kutulia. Kwetu mpira wa kuvutia petroli unaanzwa kwa mdomo. Yeye hathubutu, kwa sababu mdomo una vijidudu vyake. Anaujaza mpira maji yaliyochemshwa yakapoa, anaziba ncha kwa kidole gumba, anatumbukiza ncha ya pili ndani ya saida, kisha anashusha mkono. Maji yanamwagikia kikombeni, saida inayafuata. Rangi ikishabadilika tu, kidole kinarudi, na mpira unaingizwa katika mtungi wa chini mpaka ncha iguse kitako. Hakuna kuchuruzika, hakuna povu. Saida inapanda kimyakimya kama maji ya kisima, kwa kuwa kila tone likirushwa hewani linabeba oksijeni, na oksijeni ndiyo wanayoihitaji bakteria wa siki.

Kioevu kilipokaribia chini alisukumia kabari ya mbao upande mmoja wa mtungi, saida ikajikusanya kwenye pembe. Macho yake hayakutoka kwenye ule mstari wa hamira iliyokufa, rangi ya uji. Ulipoanza kutikisika alibana mpira. Kilibaki kama kikombe kimoja na nusu cha saida safi juu ya tope. Nikamwambia, “Mzee, hiyo si inapotea?” (Neno hilo la Mzee nilimfundisha mimi, naye alilipenda.) Akajibu kwamba anayekigombania kikombe hicho huharibu vikombe vingine tisini. Pengo lililobaki juu alilijaza kwa saida ya chupa ndogo aliyoitenga tangu mwanzo kwa kazi hiyo, mpaka shingoni, vidole viwili chini ya kizibo.

Baada ya hapo, miezi minne, hakufanya kitu. Nasema hakufanya kitu, lakini kila Jumapili aliingia bandani na tochi, akatazama maji ya vijibomba, akatoka. Wiki mbili tu alizougua hakwenda, na zilitosha. Kijibomba cha mtungi wa pili kilikauka. Aliponusa shingoni alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hili ni langu.” Ilikuwa imeshika njia ya siki. Hakuimwaga wala hakujaribu kuificha kwa kuichanganya na nzuri. Mtungi aliuandika SIKI kwa chaki, akauhamishia jikoni, mbali na mwenzake.

Mei, matufaha yalipochanua, mtungi uliobaki ukaanza tena kutoa kiputo kimoja kimoja. Wakamuaji wa huko hupenda kusema kwamba saida inaikumbuka miti yake. Sababu ni joto: linawaamsha bakteria wanaogeuza asidi kali ya tufaha kuwa asidi laktiki, ileile ya maziwa mgando, na gesi kidogo hutoka. Ule ukali wa Januari, uliokuwa unakunja uso, ukalainika.

Alisubiri viputo vikome. Akachovya haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa kioevu ukilinganishwa na maji, mara tatu, wiki moja baina ya kipimo na kipimo. Juisi ilianza na 1.052, sasa ilisoma 0.999 mara zote tatu. Maana yake sukari imekwisha. Kipimo ambacho bado kinashuka ni onyo: sukari iliyojificha ikifungiwa ndani ya chupa huipasua. Mwisho alisimamisha gazeti nyuma ya mtungi. Matangazo ya vifo, yenye herufi ndogo kuliko zote, yakasomeka.

Chupa anazotumia ni nene, za mvinyo wa mapovu. Uingereza ilianza kupata kioo kigumu cha namna hiyo baada ya mfalme kupiga marufuku kuni katika tanuri za vioo mwaka 1615; makaa ya mawe yalitoa joto kali zaidi. Mwaka 1662 daktari Christopher Merret aliieleza Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, jinsi wauza mvinyo walivyotia sukari ili uchangamke. Mzee anafanya hivyohivyo kwa mizani: gramu 5 kwa lita, si zaidi. Sukari aliiyeyusha kwa maji moto, ikapoa, akaitangulizia ndooni, saida ikaja juu yake kwa mpira ikichanganyika yenyewe.

Kila chupa aliinua kwenye mwanga kabla ya kuijaza. Bomba la kujazia lina vali nchani: likigusa kitako linafunguka, likiinuliwa linajifunga, na nafasi linayoiacha ndiyo pengo linalotakiwa. Vizibo ni kama vya soda, na mashine ya mikono miwili huvibana kwa mshindo mmoja. Chupa 28 za kioo, na moja ya plastiki. Hiyo ya plastiki ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Zikiwa jikoni penye joto aliiminya kila asubuhi kwa vidole viwili, kama fundi anayepima tairi la baiskeli. Siku ya kumi na sita haikubonyea. Chupa zote zikarudi bandani.

Oktoba, siku ya kukamua matufaha mapya, alifungua moja. Ilipumua tu, haikulipuka. Akaimimina kwa mkupuo mmoja bila kuisimamisha katikati, akaacha kidole cha mashapo chini. Akaonja, akafikiri.

“Bado kidogo,” akasema. Zimebaki 27 za kioo, na amekataa kuniuzia hata moja.